Julai Bila Harusi Wala Msiba

Mwezi wa Julai, magharibi ya Berlin huingia saa tatu na nusu usiku. Mtu wa Lindi, aliyezoea kusikia adhana hiyo muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, kisha ale, kisha atafute kitanda, hapo lazima achanganyikiwe. Unatazama saa ya ukutani, ni saa tatu usiku. Unachungulia dirishani, watoto wanaendesha baiskeli na jua liko juu ya mapaa halina habari na mtu. Alfajiri nayo haina subira. Kabla ya saa kumi na moja kumekucha, ndege wanapiga kelele, na pazia la mwenyeji wako, jeupe na jepesi, halizuii chochote. Ukisema usubiri giza ndipo ulale, utashindwa kuamka. Mimi isha ya wiki ile ya kwanza nilikuwa naiswali huku kope zimeshuka.

Mwenyeji wangu ni shoga yangu wa tangu shule, muuguzi katika makao ya wazee. Amekaa Ujerumani muda wa kutosha hata sasa anakunywa maji yenye gesi bila kukunja uso. Ndiye aliyenialika Julai ya 2024, na ndiye aliyenishikilia nichukue likizo yangu yote kwa mpigo, siku 28 ambazo sheria ya kazi ya Tanzania inampa mwajiriwa kwa mwaka. Habari za viza nazipita haraka: barua ya mwaliko, bima, taarifa ya benki, nenda Dar es Salaam rudi Dar es Salaam, moyo unadunda. Aliyepita anaijua njia hiyo.

Likizo nilikuwa nazo miaka yote ya kazi, ila kupumzika lilikuwa jambo jingine. Kwetu likizo ina wenyewe. Ukitamka tu kwamba mwezi ujao hauendi ofisini, kamati ya harusi imeshakupa uweka hazina, maana wewe si mhasibu? Shangazi anataka wa kumsindikiza hospitali. Fundi anakusubiri usimame pale uone tofali zinavyopangwa, kwa kuwa usiposimama saruji huisha kabla ya ukuta. Msiba nao haungojei mtu ajipange. Unarudi kazini umechoka kuliko ulivyotoka, na wenzako, kwa heshima, wanakuambia umenawiri. Silalamiki, asiyekwenda kwa watu, kwake atakuja nani? Lakini ndiyo hali.

Kwa hiyo nilipofika Berlin sikujua la kufanya. Nilisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa. Nilipiga pasi sare zake za kazi, na zenyewe hazikuwa na haja ya pasi. Nilimpigia fundi wangu simu, akashangaa kusikia sauti yangu kwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Shoga yangu akaniweka kwenye kiti cha kibarazani, ghorofa ya tatu, akanipa bakuli la cheri nyekundu zilizoiva mpaka karibu zipasuke.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi endelea."

Kazini kwao, aliniambia, daftari la likizo hujazwa Januari. Kila mtu anaandika wiki zake za kiangazi. Wenye watoto wa shule wanatangulia kuchagua, wengine wanafuata, na ukishaandika umeandika. Sheria yao ya likizo ni ya mwaka 1963 na kiwango chake cha chini ni wiki nne, ingawa waajiri wengi wanaongeza. Mtu akiwa likizo hapigiwi simu kuulizwa faili liko wapi. Na kwa nilivyowaona mimi, watu wale wanapumzika kwa bidii. Joto likifika digrii 30 tu mji mzima unahama: mataulo, mafuta ya jua, vyombo vya plastiki vyenye tikiti maji lililokatwa tayari, mbwa, bibi, gitaa. Wanajua baada ya miezi michache kutakuwa giza saa kumi jioni, kwa hiyo jua lao wanalila mpaka mifupa. Sisi kwetu jua tunalikimbia chini ya mwembe.

Tukahama nao. Strandbad Wannsee ni ufukwe wa ziwa, magharibi ya jiji. Unashuka kituo cha Nikolassee, unafuata msururu wa watu wenye mataulo mabegani, unapita chini ya misonobari, unakata tiketi, na mbele yako unatandikwa mchanga wa urefu wa mita 1,275, mchanga ulioletwa kutoka pwani ya bahari ya Baltiki. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita kuoga hadharani pale kulikuwa marufuku. Ruhusa ilitoka mwaka 1907. Majengo marefu ya matofali ya manjano yaliyo nyuma ya ufukwe ni ya 1929 na 1930. Kuna viti vya kusukwa vyenye paa, vya kukodi, ambamo mtu hujichimbia na kitabu chake mpaka jioni. Na kuna upande uliotengwa kwa wasiopenda kuvaa kitu.

"Ukifika kwenye uzio ule," shoga yangu alinionya, "geuka. Au usigeuke, shauri yako."

Niligeuka. Lakini nilichokiona ni kwamba hakuna aliyekuwa na haja na mwili wa mwenzake. Vazi langu la kuogelea, la mikono mirefu na kilemba chake, halikugeuza shingo ya mtu.

Sisi tuliokulia Lindi tumezoea maji yanayobeba. Baharini unajilaza chali, chumvi inakunyanyua, unatazama mawingu. Ziwa halibebi. Nilijilaza kwa mazoea, miguu ikaanza kushuka taratibu, na huko ilikoshukia kulikuwa na maji mengine kabisa: juu vuguvugu, usawa wa magoti baridi ya kukaza misuli. Ladha yake ni ya majani na matope kidogo. Nilipopiga mbizi na kufumbua macho niliona kila kitu cha rangi ya chai ya rangi, na mikono yangu mwenyewe imekuwa ya shaba.

Humo majini ndimo shoga yangu alimoniambia jambo ambalo hakuliandika kwenye ujumbe wowote.

"Nyumbani wanajua niko kazini mwezi huu."

"Mama pia?"

"Mama hasa."

Sikumuuliza kwa nini, alieleza mwenyewe. Mara ya mwisho alipokwenda Lindi alishuka na masanduku yaliyojaa mahitaji ya watu: viatu vya huyu, simu ya yule, dawa za kisukari za mjomba. Likizo iliishia kwenye foleni za hospitali, harusi, na kesi ya mpaka wa kiwanja cha urithi. Wajomba walimngoja yeye ndipo wakae, kwa kuwa anatoka Ulaya na ana maneno. Kurudi Berlin akaanguka homa. "Nampenda mama yangu," alisema, akipiga maji kwa kiganja. "Ila nikienda Lindi nakwenda zamu."

Nikaahidi kufunga mdomo. Ahadi ya ndani ya maji ni rahisi kuitoa.

Mji ule mwezi ule ulikuwa na jambo jingine: mpira. Ujerumani ndiyo iliyoandaa Kombe la Ulaya, na tarehe 5 ilitolewa na Uhispania huko Stuttgart. Siku iliyofuata watu kwenye treni walinyamaza kuliko kawaida yao, nayo kawaida yao si maneno mengi. Fainali ilichezwa Berlin penyewe tarehe 14. Tiketi hatukuwa nazo wala hatukuziota. Tuliiangalia barabarani, kwa sababu wenye vioski wa Berlin hutoa televisheni nje na kupanga benchi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mechi ilianza saa tatu usiku, jua linapiga kwenye kioo cha televisheni kiasi kwamba nusu ya kipindi cha kwanza tuliisikia zaidi ya kuiona. Oyarzabal alipofunga dakika ya 86, ikawa 2-1 dhidi ya Uingereza, Mturuki mwenye kioski aligawa karanga bure. Alisema hana timu, anafurahia tu kwamba imekwisha.

Kwa Waturuki wenzake ndiko tulikonunua nyama ya siku tuliyokwenda Tempelhof. Mbuzi Berlin ni wa kutafuta, tukachukua kondoo wa halali. Tempelhofer Feld ulikuwa uwanja wa ndege. Ndipo zilipotua ndege za chakula na makaa ya mawe Wasovieti walipoifunga Berlin Magharibi mwaka 1948 hadi 1949. Ulifungwa 2008, ukafunguliwa kwa wananchi 2010, na 2014 serikali ya jiji ilipotaka kujenga nyumba pembezoni, watu walipiga kura ya maoni wakakataa. Basi umebaki hivyo hivyo, karibu hekta 300 za nyasi na lami katikati ya mji mkuu. Unatembea juu ya njia ya kurukia ndege huku namba zake zimechorwa chini, vijana wanakupita kwenye vibao vya magurudumu vinavyovutwa na tiara kubwa, na kuna sehemu imezungushiwa uzio kwa ajili ya ndege wadogo wanaotaga chini kwenye nyasi. Mimi mhasibu, sikuacha kupiga hesabu ya bei ya kiwanja pale. Shoga yangu akaniambia nisitamke hesabu hiyo kwa sauti, nitapigwa.

Kuna maeneo maalumu ya kuchomea nyama, nayo Jumamosi yanajaa moshi kuanzia saa sita mchana. Kundi letu lilikuwa la kuokoteza: kaka mmoja wa Tanga anayeendesha basi la jiji, dada wa Mombasa na watoto wake wanaojibu kila Kiswahili kwa Kijerumani, na mama wa Bukavu aliyefika na sufuria ya kisamvu imefungwa kwa khanga mpaka ikawa haionekani. Kaka wa Tanga alishika wavu, hakumwachia mtu. Alikuwa na namna yake: mishikaki inakaa kwanza pembeni ya makaa, mafuta yanachuruzika taratibu, halafu dakika za mwisho ndipo anaisogeza katikati, anaipaka ndimu na chumvi kwa kipande cha kitunguu alichokichoma uma. Ulizuka ubishi wa kama pilau ya kweli inaingia viazi. Mombasa ikasema lake, Tanga ikasema lake, na mama wa Bukavu akaumaliza kwa kufunua sufuria: "Mwache kelele, tukule."

Mzee mmoja wa Kijerumani alipita na toroli. Hakuomba chakula, aliuliza kama tumemaliza na chupa. Kule chupa ya soda ya plastiki ina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani, na wako watu wanaoishi kwa kuziokota, hasa wikiendi za jua wengine wanapokunywa sana. Dada wa Mombasa alimpa zote, na mshikaki juu yake. Mzee aliula akiwa amesimama, akashukuru, akaenda kundi linalofuata. Kaka wa Tanga naye alikuwa akitazama saa; basi lake lilikuwa linamngoja jioni. Hata huko, ili wengi walale kwenye nyasi, lazima wawepo walio zamu.

Alasiri tuliswali kwenye msikiti wa Şehitlik, unaopakana na uwanja huo, minara yake miwili inaonekana kutoka mbali, kisha tukazunguka upande wa Hasenheide kunyoosha miguu. Huko kuna mtaa mfupi wa kawaida, magari yameegeshwa pande zote, na kibao chake kinasema Lucy-Lameck-Straße. Nilisimama. Bi. Lucy Lameck wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri katika serikali ya Tanganyika huru, na kabla ya siasa alisomea uuguzi. Mpaka 2021 mtaa huo ulikuwa wa Wissmann, yule Mjerumani aliyetumwa kumpiga Abushiri mwaka 1889, na ambaye majeshi yake mwaka uliofuata yaliteka Kilwa na Lindi. Shoga yangu, muuguzi mwenzake Bi. Lucy, anapita pale kila akienda sokoni. Alinipiga picha chini ya kibao, akasema niache kutabasamu kama niko studio. Upande mwingine wa jiji, Wedding, tulipita pia Petersallee, barabara iliyobeba jina linalomkumbusha kila mtu mkoloni Carl Peters. Ilikuwa kwenye mchakato wa kubadilishwa. Tarehe 23 Agosti, nimesharudi kazini, niliona picha kwenye simu: sehemu moja yake sasa ni Maji-Maji-Allee.

Mvua ilitukuta siku moja, ile ya kushinda kutwa, na shoga yangu akasema leo nakupeleka kwa jamaa yako. Nilijua anamsema nani. Mtu wa Lindi akienda Berlin, swali la kwanza ukweni na kazini ni moja: utamwona mjusi?

Nilimwona, dinosaria wa kwetu. Yuko katika ukumbi wa kwanza wa Makumbusho ya Viumbe Asilia, chini ya paa la kioo, na urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tangu darasa la tano, na picha haisaidii. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele unanipita mimi kimo. Nilisogea mpaka kwenye kamba, nikatafuta udongo. Sijui kwa nini. Mifupa imesafishwa, imekuwa ya rangi ya kahawa iliyokolea, ina nyufa zilizozibwa, na hakuna hata chembe ya vumbi jekundu la kilima cha Tendaguru. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, na katika miaka hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka kilimani mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa porini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu, njaa ikiwa bado kwenye nyumba. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linafahamika. Ya wapagazi wengi hayafahamiki. Nilijaribu kuwaza kama yumo wa ukoo wetu aliyewahi kutua mzigo huo Lindi, akajipangusa, akaulizwa anarudi lini kilimani.

Habari ya kumrudisha imeulizwa bungeni kwetu mara kadhaa, na kila mtu ana jibu lake. Langu ni jepesi: watoto wa Lindi wana haki ya kuumia shingo kwa kumtazama, kama nilivyoumia mimi. Mtoto wa Kijerumani pembeni yangu alimuuliza baba yake kitu. Shoga yangu akatafsiri: anauliza kama alikuwa na rafiki.

Wiki ya mwisho tulikwenda Spreewald, kusini-mashariki ya Berlin, mwendo wa treni wa saa moja hivi. Tiketi ya mwezi, wakati huo yuro 49, ilitupeleka bila kuongeza senti, maana inakubaliwa kwenye treni zote za mikoani nchi nzima, na hiyo ni sera ambayo ningependa waziri wetu mmoja aione. Huko mto Spree umejigawa vijito vingi chini ya miti, na katika kijiji cha Lehde tarishi wa posta hupeleka barua kwa chombo cha majini kipindi cha kiangazi. Vyombo vyao ni bapa, na nahodha husimama tezi akisukuma kwa upondo mrefu. Nilimtazama mikono yule nahodha, mama wa makamo mwenye kofia ya jua: anauchomeka upondo, anauegemea kwa uzito wote wa mwili, anauzungusha kidogo kabla ya kuuchomoa ili tope lisiushike. Mwanamume wa Rufiji angemwelewa bila mkalimani. Mbu walituuma, na kuumwa na mbu bila kuwaza malaria ni anasa ambayo sikuitegemea. Vibao vya vituo vina lugha mbili, Kijerumani na Kisorbia cha wenyeji. Tulikula matango ya kuchovya kwenye siki na haradali, tukanywa maji, na saa nzima hatukusema neno, wala sikumpigia fundi simu.

Nyumbani nilifika na kifurushi cha mama yake shoga yangu: mafuta ya magoti, chokoleti, miwani ya kusomea. Nilikwenda kumpelekea jioni ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako hajambo? Kazi haijamtupa?"

"Hajambo. Kazi ni nyingi."

Akataka picha. Nilimwonyesha mjusi, akasema astaghfirullah. Nikamwonyesha kibao cha Bi. Lucy. Kisha kidole chake, kigumu kwa miaka ya kukuna nazi, kikateleza kwenye kioo cha simu kabla sijaiwahi, ikaja Wannsee: binti yake amezama mpaka shingoni, anacheka, nyuma yake watu wamelala mchangani hadi mwisho wa picha. Mama aliisogeza karibu na macho. Akavaa miwani mipya.

"Hapa ndipo kazini?"

Sikujibu. Aliitazama tena, muda mrefu kidogo, akanirudishia simu.

"Usimwambie nimeiona," alisema. "Wakija wajomba zake nao usiwaonyeshe." Akafungua chokoleti, akanipa kipande, akauliza kama maji yale yana mamba.